Pua ya Mwenyeji na Jicho la Mgeni: Utambuzi wa Ugonjwa kwa Kunusa na Kutazama Katika Historia

Makala haya yahusu namna wanadamu walivyoutambua ugonjwa katika miili ya wenzao kwa pua na kwa macho, tangu zama za Wayunani hadi siku zetu hizi. Huenda msomaji akauliza mambo ya utabibu yana uhusiano gani na idara ya lugha. Jibu langu ni kwamba utambuzi wa aina hii, kabla haujawa elimu ya matabibu, ulikuwa maneno. Mtu aliona au alinusa, kisha akasema. Na alichokisema ndicho kilichobaki. Kwa hiyo tutayapitia maandishi ya matabibu, lakini tutayasoma kama wasomaji wa lugha, tukiuliza kila mara ni nani aliyenusa, alimnusa nani, na kwa neno gani.

Nianze na jambo dogo la nyumbani. Tulipokuwa watoto Mombasa, marehemu nyanyangu alikuwa na desturi ya kutunusa utosini kila tulipokwenda kumwamkia asubuhi. Siku moja alimnusa ndugu yangu mdogo, akanyamaza, akamnusa tena, kisha akamwambia mama: "Mwanangu, mtoto huyu asende chuoni leo. Hii si harufu yake." Mama alimpapasa mtoto paji la uso asione joto lolote. Ilipofika adhuhuri homa ilikuwa imempanda, akalala nayo siku tatu. Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili ng'ambo, nilimsimulia kisa hiki mwanafunzi mwenzangu aliyekuwa akisomea takwimu. Aliniuliza iwapo kuna mtu aliyezihesabu siku ambazo nyanya alinusa akakosea. Lilikuwa swali la haki, nami sikuwa na la kumjibu. Hata hivyo sentensi ile ya nyanya haikuniacha, hasa neno lake la mwisho.

Yafaa tulisimamie neno hilo "yake". Nyanya hakusema kwamba mtoto ananuka. Kitenzi -nuka katika Kiswahili kina hukumu ndani yake: anayenuka ananuka vibaya, na akitaka kusifiwa sharti kitenzi kiongezwe kiambishi, awe ananukia. Hatuna kitenzi chepesi cha kusema kwamba kitu kina harufu tu, isiyo nzuri wala mbaya. Twalazimika kuzunguka na kusema "kina harufu". Nomino zetu za harufu nazo, ingawa si haba, aghalabu zimefungwa kwenye chanzo chake: shombo hutokana na samaki, kikwapa na kwapa, kutuzi na jasho, uvundo na kitu kilichooza. Katika orodha hiyo yote sikuona neno lililotengwa kwa harufu ya mgonjwa.

Kwa upande wa macho mambo ni tofauti. Husemwa kwamba mtu amekonda, amedhoofika, amesawijika, amepauka, amenyong'onyea, rangi imempotea, macho yamemwingia ndani. Msomaji ataona kwamba haya yote ni vitenzi, wala hakuna kivumishi hata kimoja, na kwamba yote yamekaa katika hali timilifu, kwa kiambishi -me-, yaani yaeleza mahali mtu alipofika baada ya kubadilika. Aliyesawijika hapo awali hakuwa hivyo. Huwezi kusema kwa haki kwamba mtu amesawijika ikiwa hukupata kumwona kabla. Mgeni anayemkuta leo kwa mara ya kwanza ataona mtu mwenye uso mwembamba, basi. Sarufi yenyewe yamtaka msemaji awe na kumbukumbu ya jana. Hoja yangu katika makala haya yachimbuka hapo: kwamba pua na jicho husema kweli zaidi vinapokuwa vya mwenyeji, yaani mtu aliyeizoea afya ya mwenziwe, na kwamba makosa makubwa ya historia hii yametendwa pale mgeni alipomtazama mgeni, kisha akaandika amri.

Wayunani wa kale hawakuwa mbali na fikira hii. Katika maandishi yanayonasibishwa na Hippocrates, aliyezaliwa yapata mwaka 460 kabla ya Kristo, tabibu aagizwa kuanza na uso wa mgonjwa, autazame kama wafanana na nyuso za watu wazima wa afya, na zaidi ya yote kama wafanana na ulivyokuwa wenyewe siku zote. Kufanana na nafsi yake ndiyo hali njema, na kadiri uso unavyojitenga na mazoea yake ndivyo hatari inavyozidi. Kisha zaja dalili zilizofanya maelezo hayo yakumbukwe kwa karne nyingi: pua iliyochongoka, macho yaliyozama, panja zilizobonyea, masikio baridi yaliyojikunja, ngozi ya paji la uso iliyokauka na kukazika. Matabibu wa Ulaya hadi leo huuita uso huo kwa jina la Hippocrates, na maana yake ni uso wa mtu anayekaribia kufa. Lakini wengi waliolirithi jina hilo wameisahau sehemu inayofuata, ambayo kwangu ndiyo bora. Tabibu akishaona dalili hizo asihukumu papo hapo; aulize kwanza kama mgonjwa alikosa usingizi, au aliharisha sana, au alishinda na njaa, kwani mambo hayo nayo huuharibu uso, na akijibiwa ndiyo basi hatari ni ndogo. Jicho lilitakiwa kuuliza kabla ya kutamka.

Pua nayo ilikuwa na kazi yake. Katika maandishi hayohayo imeelezwa kwamba mgonjwa wa kifua anayekonda, ikiwa makohozi yake yakimwagwa juu ya makaa ya moto yatoa harufu nzito, na nywele za kichwa zamtoka, basi hatapona. Yapata karne kumi na nne baadaye Ibn Sina (980–1037), ambaye Kanuni yake ya utabibu ilisomwa kutoka Bukhara hadi vyuo vikuu vya Ulaya, aliupanga mkojo wa mgonjwa kwa rangi, uzito, mashapo, povu na harufu, kila kimoja na maana zake. Elimu hiyo ya Kiyunani iliyopitia kwa Waarabu ilifika pia pwani yetu, na mabaki yake yangali katika mazungumzo ya wazee kuhusu vyakula vya baridi na vya joto.

Ugonjwa ulioonyesha vizuri kuliko mingine uwezo wa hisi hizi ni kisukari. Jina lenyewe la Kiswahili ni ushahidi wa ulimi na macho, na si letu peke yetu: matabibu wa kale wa Bara Hindi waliuita kwa neno lenye maana ya mkojo wa asali, wakieleza kwamba sisimizi hujikusanya juu yake. Mwingereza Thomas Willis, katika karne ya 17, aliandika kwamba mkojo wa wagonjwa hao una utamu, jambo ambalo halijulikani ila kwa kuonja, na sina budi kumstahi kwa hilo. Mwishoni mwa karne ya 18 John Rollo, daktari wa jeshi la Uingereza, alieleza kwamba pumzi za baadhi yao zanuka kama matunda ya tofaa yanayooza. Mnamo 1857 mkemia Wilhelm Petters alipata katika mkojo wa mgonjwa kemikali ya asetoni, ileile ambayo leo wanawake huitumia kuondoa rangi ya kucha. Hivyo pua ilitangulia, kemia ikafuata na kuithibitisha.

Lakini hapa ndipo twaona kwa mara ya kwanza upande wa pili wa jambo. Mgonjwa wa kisukari ambaye damu yake imejaa kemikali hizo huyumba, maneno humpotea, na pumzi yake ina harufu kama ya pombe ya matunda. Mke wake atasema kwamba mume wangu hanywi, kuna jambo. Mpita njia atasema huyu ni mlevi, amwache palepale barabarani au amwite askari. Harufu ni moja, pua zote mbili hazina kasoro, na hukumu ya mmoja yaweza kumwua mtu. Kilichotofautiana ni yale ambayo kila mmoja aliyajua kabla ya kunusa.

Ndui ilikuwa shule nyingine ya jicho. Al-Razi wa Uajemi, aliyefariki mnamo 925, aliandika kitabu cha kutenganisha ndui na surua, magonjwa mawili ambayo kabla yake yalikuwa yakichanganywa sana. Zaidi ya miaka elfu moja baadaye, Shirika la Afya Ulimwenguni lilipoanza mwaka 1967 kampeni kali ya kuifuta ndui duniani, wafanyakazi wake walipita nyumba kwa nyumba na sokoni wakiwa na kadi yenye picha ya mtoto mwenye ndui, wakiuliza watu: mmemwona yeyote aliye hivi? Kadi ile haikuhitaji kisomo. Ilimfanya mchuuzi, mchungaji na mwanafunzi kuwa mpelelezi wa maradhi, kila mmoja katika mtaa anaoujua. Walifundishwa kwamba vipele vya ndui hujaa zaidi usoni, mikononi na miguuni, navyo hukomaa pamoja, ilhali vya tetekuwanga hujaa kifuani na mgongoni, vingine vikichipuka na vingine vikikauka.

Mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida, Ali Maow Maalin, alikuwa mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Somalia, na aliwahi kuajiriwa kwa muda katika kampeni hiyohiyo ya chanjo. Alipougua mnamo Oktoba 1977 alidhaniwa kwanza kuwa na malaria, kisha tetekuwanga. Yaani katika hospitali, miongoni mwa watu walioizoea kadi ile, jicho lilishindwa kwa siku kadhaa. Huenda ni kwa sababu hawakutarajia kuiona ndui kwa mtu wa kwao. Mwenyeji naye ana upofu wake, na nimeona ni haki nikiri hivyo mapema kabla ya kumlaumu mgeni.

Sasa tumgeukie mgeni huyo. Katika karne ya 19 wataalamu wengi wa Ulaya waliamini kwamba maradhi yaletwa na hewa chafu inayotoka katika vitu vilivyooza, hivyo kunusa uvundo kulikuwa sawa na kunusa ugonjwa wenyewe. Neno malaria latokana na maneno ya Kitaliano yenye maana ya hewa mbaya. Livingstone alipofika Unguja mwaka 1866 alichukizwa na ufuo uliojaa takataka, akaandika kwa mzaha kwamba mji ungestahili jina la uvundo. Miaka mitatu baadaye kipindupindu kiliingia kisiwani na kuua watu wengi mno. Daktari James Christie, aliyefanya kazi Unguja wakati huo, alitoa mwaka 1876 kitabu kizima juu ya njia zilizopitwa na maradhi hayo katika Afrika Mashariki. Si kweli kwamba uvundo haukuwa na maana. Palipo na kinyesi pana hatari, na pua iliyomkimbiza mtu mbali na kinyesi ilimwokoa. Kosa lilikuwa kudhani kwamba harufu yenyewe ndiyo inayoua, kwa sababu maji ya kisima yasiyo na harufu yoyote yalikuwa yakiua kimyakimya. John Snow alikwisha kulionyesha hilo London mwaka 1854, kwa kuwafuatia waliokunywa maji ya bomba moja la Broad Street, lakini wengi walimkatalia.

Hapa mwanaisimu hawezi kupita bila kutaja jambo aliloliandika Robert Koch, mgunduzi wa vijidudu vya kifua kikuu, baada ya kuzuru Usambara mwishoni mwa karne ile. Alieleza kwamba wenyeji wa milimani, ambao waliugua homa kila waliposhuka mabondeni, waliiita homa hiyo mbu, kwa jina la mdudu waliyesema ndiye aileta. Wakati Ulaya ilipokuwa imeupa ugonjwa jina la hewa, Washambaa waliupa jina la mdudu. Ronald Ross alivipata vijidudu vya malaria ndani ya mbu mwaka 1897, huko Bara Hindi. Nani alikuwa na jicho zuri zaidi, sina haja ya kusema.

Nadharia ya hewa chafu ilipokufa katika maabara haikufa katika ofisi za serikali. Mwaka 1902 tauni ilizuka katika bazaa ya Wahindi mjini Nairobi, mji ambao ulikuwa haujafikisha hata miaka mitano. Afisa wa afya aliamuru bazaa ichomwe moto, nayo ikachomwa. Ilikuwa imekwisha kuandikwa na Mfaransa Paul-Louis Simond, mwaka 1898, kwamba tauni huenezwa na viroboto wa panya. Lakini panya hakuwa na uso wa kutazamwa wala jina la kuandikwa katika barua, na mwenye duka alikuwa navyo vyote viwili. Mnamo 1913 Profesa W. J. Simpson alitumwa kuchunguza hali ya afya katika nchi hizi, na katika ripoti yake alipendekeza kwamba miji igawanywe, Wazungu mahali pao, Waasia pao na Waafrika pao, pakiwa na ardhi tupu ya kuwatenga. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya. Waraka wa serikali ya Uingereza wa 1923 uliachana na sera ya kuwatenga Wahindi na Wazungu mijini, ila kwa Mwafrika mambo hayakubadilika, na anayeitembea Nairobi leo toka mtaa mmoja hadi mwingine anaweza kuukisia mpango ule kwa miguu yake. Tazama jinsi kitenzi kilivyogeuzwa. Hakuna tena "fulani amebadilika". Pamebaki "hawa ndivyo walivyo". Hali timilifu imeondolewa, na kwa kuondolewa kwake ugonjwa umekuwa kabila.

Msomaji asidhani kwamba dhambi hii ni ya wakoloni pekee. Sisi tuliitenda katika miaka ya ukimwi, na wengi waliotendewa wangali hai. Ugonjwa huo ulipogunduliwa katika vijiji vya wavuvi vya Rakai, Uganda, mnamo 1982, watu waliuita kwa neno la Kiingereza la wembamba, Waganda wakalitamka silimu. Kenya mgonjwa wa kwanza alitambuliwa mwaka 1984. Kwa muda mrefu kipimo cha mtaani kilikuwa jicho tu. Aliyekonda alikwepwa, hata kama alikonda kwa kisukari, kwa vidonda vya tumbo au kwa kufiwa. Mwenye mwili wa kushiba alikaribishwa, hata kama alikuwa na virusi mwilini kwa miaka mitano. Namkumbuka jirani yetu mmoja, mama wa makamo, ambaye wateja wa mahamri yake walipungua mmoja baada ya mwingine alipoanza kukonda. Ilijulikana baadaye kwamba ni kifua kikuu cha kawaida, akatibiwa, akanenepa. Lakini biashara haikurudi. Wale waliomwacha walikuwa majirani, si wageni, na walimjua tangu ujana. Hapa hoja yangu yayumba kidogo, isipokuwa tukikubali kwamba hofu humgeuza mwenyeji akawa mgeni mlangoni pa jirani yake. Corona nayo, ilipoingia nchini Machi 2020, ilitufundisha jambo hilo kwa njia nyingine: waliokuwa wakiieneza wengi hawakuwa na dalili usoni, na wengi walioambukizwa walipotewa na uwezo wenyewe wa kunusa.

Tungeishia hapo ingekuwa haki kusema kwamba pua na jicho vitupwe, tuachie maabara. Lakini pana visa vya kupinga, na kikubwa kuliko vyote ni cha mama mmoja wa Norway. Borgny Egeland alikuwa na watoto wawili waliozaliwa wakiwa wazima wa kutazama, kisha akili zao zikakataa kukua. Alikuwa ameona pia kwamba watoto wana harufu ya ajabu isiyowatoka. Alikwenda kwa daktari huyu na huyu kwa miaka, akiuliza juu ya harufu ile, asipate wa kumsikiliza. Mwaka 1934 alifika kwa Asbjørn Følling, daktari aliyekuwa mkemia pia, naye akaupima mkojo wa watoto. Alipotia dawa ya chuma aliyotarajia igeuke nyekundu au ibaki kama ilivyo, iligeuka kijani. Baada ya kazi ndefu alipata kwamba kuna asidi mkojoni ambayo haikupaswa kuwamo, kwa kuwa miili ya watoto hao haikuweza kuisaga sehemu moja ya protini ya chakula. Tangu miaka ya 1950 ugonjwa huo wazuiwa kwa mlo maalumu, na katika nchi nyingi kila mtoto mchanga hutobolewa kisigino, tone la damu likapimwa. Kwa watoto wa Bi. Egeland mlo ulichelewa mno. Wataalamu waliomrudisha mama yule nyumbani walikuwa na elimu zaidi yake, lakini hawakuwa wamelala chumba kimoja na watoto wale.

Je, uwezo huu ni wa kweli, au ni hadithi tunazozikumbuka kwa sababu zilitimia, kama alivyoshuku mwenzangu wa takwimu? Katika Stockholm watafiti wa Taasisi ya Karolinska wamelijaribu swali hili kwa uangalifu. Waliwadunga watu wenye afya kijisehemu cha ukuta wa bakteria, ambacho hakileti maambukizi ila huiamsha kinga ya mwili kana kwamba adui ameingia. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2014, watu 8 walivaa fulana kwa muda wa saa nne, na watu 40 wakazinusa: fulana za waliodungwa zilionekana kuwa na harufu kali zaidi na isiyo ya afya kuliko zilezile za watu walewale walipodungwa maji ya chumvi tu. Mwaka 2018 zilichapishwa habari za picha za watu 16, zilizopigwa saa mbili baada ya sindano na kutazamwa na watu 62. Watazamaji walibahatisha vizuri kuliko sarafu iliyorushwa juu, lakini si kwa mbali. Dalili walizozifuata zilikuwa midomo na ngozi iliyopauka, uso uliovimba kidogo, kope zilizolegea, pembe za mdomo zilizoshuka. Nilipoisoma orodha hiyo nilitabasamu, maana ni kupauka na kulegea kwetu kulekule.

La kutiliwa maanani zaidi ni utafiti wa 2021, ambapo nyuso hizo za Kizungu zilionyeshwa kwa jamii moja ya Kimagharibi na nyingine tano zisizo za Kimagharibi, zikiwamo za wawindaji. Jamii zote ziliwatambua wagonjwa kupita bahati nasibu, Wamagharibi hawakuwashinda wengine wote, na jamii nyingi kati ya zile tano hazikuwa na mwelekeo wa kumshuku mgeni kuwa mgonjwa kwa ugeni wake. Matokeo haya yanisahihisha. Nilianza makala nikidhani kwamba jicho la mgeni lina kasoro ya asili. Yaonekana halina, ni jicho dhaifu, lakini halibagui. Amri ya 1902 na ripoti ya Simpson, basi, hazikutoka machoni. Zilitoka mahali pengine, zikayaazima macho jina lao.

Nimalizie kwa ugonjwa mmoja uliotambuliwa kwa jicho na kwa pua kwa kupishana miaka mia mbili. Mwaka 1817 daktari James Parkinson wa London alitoa kijitabu juu ya ugonjwa wa kutetemeka, akieleza habari za watu 6. Baadhi yao hawakuwa wagonjwa wake hata kidogo: wawili alikutana nao njiani, na mmoja alimwona kwa mbali tu, kwa jinsi alivyoinama na kukimbilia mbele katika mwendo wake. Huyo ni mgeni aliyemtazama mgeni akapatia, nami sina hila ya kumwondoa katika hoja yangu. Ugonjwa huo sasa una jina lake.

Muuguzi mmoja wa Perth, Scotland, aitwaye Joy Milne, aliona kwamba harufu ya mumewe imebadilika, ikawa nzito, na hakuna kuoga kulikoiondoa. Ilipita yapata miaka 12 ndipo mume alipoambiwa kwamba ana ugonjwa wa Parkinson. Bibi huyo hakuiunganisha harufu na ugonjwa hadi siku alipoingia katika mkutano wa wagonjwa wenzake na mumewe, akaikuta harufu ileile chumba kizima. Alipomuuliza mtafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, Tilo Kunath, mwanzoni hakuchukuliwa kwa uzito. Baadaye alipewa fulana 12, sita za wagonjwa na sita za wazima. Aliwataja wagonjwa wote 6, na akakosea, ilivyodhaniwa, kwa mtu mmoja aliye mzima. Miezi minane baadaye mtu huyo naye aligunduliwa kuwa na ugonjwa. Mwaka 2019 wanakemia wa Manchester walichapisha majina ya kemikali zilizobadilika katika mafuta ya ngozi ya mgongoni mwa wagonjwa.

Kisa hicho niliwapa wanafunzi wangu wa darasa la tafsiri. Bibi Milne huifananisha harufu ile na miski, na wengi waliandika hivyo. Lakini miski kwetu ni manukato, na mume wa Perth akawa ananukia kama bwana harusi. Mwanafunzi mmoja alijaribu vumba, tukaona samaki. Niliwaeleza juu ya Wajahai wa rasi ya Malaya, ambao Asifa Majid na Niclas Burenhult walionyesha mwaka 2014 kwamba huzitaja harufu kwa wepesi kama tunavyozitaja rangi, kwa maneno yapata kumi na mawili yasiyofungwa kwenye chanzo kimoja, likiwamo moja la harufu ya damu inayosemwa kuwavuta chui milia. Sisi hatuna la namna hiyo. Tulibishana hadi kengele ikalia. Binti mmoja wa Lamu, aliyekuwa kimya saa nzima, aliniletea karatasi yake mezani. Alikuwa ameifuta miski kwa kalamu, juu yake akaandika: "Mume wangu alikuwa na harufu isiyokuwa yake."